Nusu ya Bwana Kengele

Stamford, Connecticut
14 Septemba 1997

Kwa Bi Aldona Matulis,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba huko Pennsylvania baridi haijaanza mapema kama huku. Mimi na mke wangu Gail hatujambo, isipokuwa tulimzika mama yangu mwezi wa nne, na nyumba yake hatujamaliza kuisafisha. Miaka hamsini ya vitu, na kila kabati lina kabati jingine ndani yake.

Hatufahamiani. Jina langu ni Raymond Stanton. Baba yangu, aliyefariki mwaka 1979, alizaliwa hapo Shenandoah akiitwa Kazimieras Stankus. Alipohamia New York akajiita Cass Stanton. Ndiye aliyemchora Bwana Kengele. Bila shaka umemwona: yule shujaa wa vitabu vya katuni mwenye kifua cha shaba, akijipiga ngumi kifuani kuta zinapasuka. Siku hizi yuko kwenye fulana na vikombe, na filamu inatengenezwa.

Baba alimuuza kwa kampuni mwaka 1939 kwa bei ya koti la baridi. Sheria ya sasa inawapa watoto wa mchoraji nafasi ya kumrudisha, wakitoa notisi kwa wakati. Wakili wangu alipoiandikia kampuni, walijibu kwamba kwa taarifa zao marehemu aliacha watoto wawili, wakalitaja jina lako. Nadhani ni uvumi wa zamani. Nimeambatanisha karatasi fupi ya kulimaliza jambo hili. Itie saini mbele ya kamishna wa viapo, uirudishe katika bahasha niliyoweka stempu. Ukitaka maelezo nipigie simu.

Wako,
Raymond Stanton


Shenandoah, Pennsylvania
6 Oktoba 1997

Bwana Stanton,

Salamu zako nimezipokea, na pole kwa mama. Mimi ni mzima ila magoti. Miaka thelathini na nne ya kukanyaga cherehani katika kiwanda cha mashati hayakuipenda. Kiwanda kimefungwa, sasa madirisha yake ni ya njiwa. Jirani yangu Bi Olszewski, ambaye hula nami kila Jumapili, anakusalimu ingawa hajui wewe ni nani. Sijamwambia.

Simu ninayo, lakini sitakupigia. Unachotaka kuniambia kiandike.

Karatasi yako ina mistari minne. Wa pili unasema: "Mimi si mtoto wa Kazimieras Stankus." Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena.

Nikwambie ninachojua. Mama yangu, Veronika Matulis, alikuwa mchumba wa baba yako. Baba yako aliondoka Machi 1937, michoro yake ikiwa ndani ya mfuko wa unga, akasema atamwita mama akishapata chumba. Mimi nilizaliwa Juni. Mama aliniambia baba yako hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Alifariki mwaka 1974 bila kuolewa, na mtu akimuuliza kuhusu baba yangu alikuwa anafungua bomba la maji ili asisikie.

Mwaka 1979 niliona tangazo la kifo gazetini, nikapanda basi kuja kwenye mazishi. Nilikaa benchi la mwisho kabisa. Mama yako aligeuka akaniona, akamnong'oneza mtu. Akaja kijana mwenye suti ya kijivu, akanishika kiwiko, akanitoa nje. Akaniambia, "Hapa ni kwa ajili ya familia." Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Nadhani ulikuwa wewe.

Aldona Matulis


Stamford
15 Oktoba 1997

Dada Aldona,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Gail anasema upake mafuta ya kafuri. Sisi hatujambo. Ile nyumba ya mama tumepata mnunuzi, mtu wa benki, anataka kuikata miti yote.

Asante kwa kuniandikia kwa uwazi. Kuhusu mambo ya zamani, kila mtu ana kumbukumbu zake, na sidhani yatatusaidia.

Ngoja nikueleze sheria kwa kifupi. Ili kumrudisha Bwana Kengele, notisi lazima itiwe saini na warithi wenye zaidi ya nusu. Kama mchoraji ameacha mtoto mmoja, huyo ana yote, basi imekwisha. Kama ameacha wawili, kila mmoja ana nusu, na nusu si zaidi ya nusu. Yaani mmoja peke yake hawezi kufanya chochote. Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana inalishikilia jina lako. Si kwamba wanakupenda. Wanataka kunifunga mkono mmoja.

Siku ya mwisho ya kutoa notisi ni tarehe 11 Mei mwakani. Ikipita hiyo, Bwana Kengele atabaki kwao, na sisi tutakuwa tumeshakufa kabla hajatoka mikononi mwao.

Kwa hiyo, dada yangu, ile saini yako ni jambo dogo tu la kisheria. Halibadilishi chochote moyoni mwa mtu. Na mambo yakienda vizuri sitakusahau.

Ndugu yako,
Raymond


Shenandoah
24 Novemba 1997

Kaka Raymond,

Naona tumefika kwenye kaka na dada ndani ya mwezi mmoja. Mtu angenyonya maziwa kwa kasi hiyo angepaliwa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu theluji ilianguka na postamasta wetu alivunjika nyonga. Bi Olszewski ametengeneza kachumbari ya kabichi ya kutosha jeshi. Mafuta ya kafuri nimepaka, nanuka kama kabati la nguo.

Umeniita dada katika barua inayoniomba niape kwamba mimi si dada yako. Sikasiriki. Nimefanya kazi kiwandani, nimezoea watu wanaokupa karanga huku wanakupunguzia saa.

Sikiliza pendekezo langu. Tutie saini wote wawili. Wewe una nusu, mimi nina nusu, zote mbili ni moja nzima, na kampuni haina la kusema. Mambo ya filamu na mikataba shughulikia wewe, sielewi wala sitaki. Ninachotaka ni kitu kimoja: katika notisi hiyo iandikwe kwamba Aldona Matulis ni binti wa Kazimieras Stankus. Basi. Maneno machache kwenye karatasi ambayo wewe utaitia saini.

Yale ya mazishi umeyaruka. Nimeona ulivyoruka.

Aldona


Stamford
8 Desemba 1997

Bi Matulis,

Hali zetu ni nzuri. Gail ameanza kupamba nyumba kwa ajili ya Krismasi.

Pendekezo lako haliwezekani. Mama yangu aliishi na baba miaka thelathini na nane. Alimpikia, akamwosha alipopooza, akavumilia mengi. Alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema, "Yule mwanamke asiingie." Sikumuuliza yupi. Sitaweka saini yangu chini ya maneno yaliyomtesa mama yangu maisha yake yote.

Isitoshe, nani ana uhakika? Samahani kusema hivi, lakini umenilazimisha. Shenandoah mwaka 1936 ilikuwa imejaa vijana wa migodini wasio na kazi wala la kufanya. Msichana wa kiwandani, baba yangu tayari keshaondoka, tumbo likaonekana. Ni rahisi kumtaja aliye mbali kuliko aliye karibu. Mama yako hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, wala simlaumu.

Karatasi unayo. Itie saini, nami nitahakikisha unapata kitu cha kukufaa uzeeni. Usipoitia, utakufa na ulichonacho sasa, na kutokana na maelezo yako, ni magoti.

R. Stanton


Stamford
2 Februari 1998

Dada Aldona,

Heri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa. Sijapata jibu lako tangu Desemba, nikaanza kuwa na wasiwasi kama u mzima.

Gail aliisoma nakala ya barua yangu ya mwisho, hakusema nami siku mbili. Ana haki. Nilikuwa nimetoka kuisaini hati ya kuuza nyumba ya mama, nikakutolea wewe hasira. Yale niliyosema kuhusu mama yako nayafuta.

Nimefikiri ni vizuri tuonane uso kwa uso. Nitakuja kwa gari Jumamosi tarehe 21, nifike mchana. Usijisumbue kupika.

Kaka yako,
Raymond


Shenandoah
1 Machi 1998

Kaka Raymond,

Natumaini ulifika salama na barafu haikukusumbua barabarani. Huku tumebaki na theluji nyeusi ya pembeni mwa njia. Mimi ni mzima.

Nakuandikia yaliyotokea siku ile, kwa sababu huenda mwenzangu uliyaona kwa namna nyingine.

Ulikuja. Hukuvua koti. Nilikuwa nimeoka viazi vilivyokunwa na nyama ya nguruwe, chakula alichokulia baba yako katika mtaa huu huu. Ulikula uma mbili, ukasema, "Gail ananikataza mafuta." Ukanitazama usoni ukasema, "Huna pua yake." Nikakujibu, "Pua ni ya mama. Angalia masikio." Ukaangalia. Kisha ukageuka ukatazama dirishani muda mrefu, kana kwamba palikuwa na kitu huko zaidi ya gari lako.

Uliona vikombe viwili kwenye beseni, ukauliza kama nilikuwa na mgeni asubuhi. Nikasema ndiyo.

Halafu Bi Olszewski akaingia kurudisha bakuli. Akasema, "Aldona, leo una mwanamume nyumbani? Nani huyu bwana mzuri?"

Nina miaka sitini, na sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa mbele ya mtu anayeweza kulijibu. Nilikuangalia mdomo.

Ukasema, "Mimi ni mtu wa bima, mama."

Akakuuliza kama bima yake ya mazishi inalipa jeneza la mwaloni au la msonobari tu. Nawe ukamjibu vizuri kabisa, ukamweleza hadi habari za vipini vya shaba. Alipotoka akaniambia, "Kijana mstaarabu, sivyo?"

Sasa, kuhusu karatasi yako: sitaitia saini. Siwezi kuapa jambo hilo juu ya mama yangu. Lakini wala sitakusumbua. Ukitaka kuapa wewe mwenyewe kwamba ndiye mtoto pekee, apa. Sitakuja mahakamani kudai nusu yangu, wala sitaiandikia kampuni barua kukupinga. Hilo nakuahidi, na mimi ahadi zangu huwa natimiza.

Aldona


Stamford
20 Machi 1998

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenigusa. Gail naye anakusalimu sana, anasema siku moja lazima uje ule kwetu. Maua ya kwanza yametokeza bustanini.

Samahani kuhusu jirani yako. Nilishtukizwa, nikasema neno la kwanza lililokuja.

Umefanya uamuzi wa busara. Nimeonana na wakili, tumeona kwamba kwa kuwa wewe hudai, hakuna atakayedai kwa niaba yako. Jumatatu nimeapa mbele ya kamishna kwamba mimi ndiye mtoto pekee wa marehemu, na notisi imeshapelekwa. Nilipotoka pale nilihisi mwepesi, kama baba mwenyewe ametoka kifungoni.

Wakili anaomba jambo moja dogo kutoka kwako, kwa maandishi. Je, una karatasi yoyote ya baba, barua au hati, inayokutaja kama mtoto? Ni kwa ajili ya usalama tu.

Kaka yako,
Raymond


Shenandoah
12 Aprili 1998

Kaka Raymond,

Heri ya Pasaka kwako na kwa Gail. Nimepaka mayai rangi kwa maganda ya vitunguu, nimempa Bi Olszewski sita na padri sita.

Sina karatasi yoyote ya baba. Sijawahi kuwa nayo.

Aldona


Stamford
30 Novemba 1998

Aldona,

Sitauliza hali yako.

Juzi nilikaa saa nne katika ofisi ya mawakili wa kampuni nikisomewa maelezo uliyoyatoa kwao chini ya kiapo. Kurasa arobaini na moja. Kisha wakaniwekea mezani fomu ya ofisi ya mwaka 1942, ile waliyokuwa wanajaza wachoraji wote wakati wa vita ili ijulikane nani apewe habari mtu akifa. Kwenye nafasi ya watoto, kwa mwandiko wa baba: "Aldona, miaka mitano, Shenandoah." Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Halafu wakatoa barua zangu. Barua zangu kwako. Wakili wao wa kike, Bi Pruitt, akazisoma kwa sauti, akisimama kila mahali nilipoandika "dada yangu", akinitazama juu ya miwani. Akasoma na ile ya Desemba. Wakili wangu mwenyewe akainamisha kichwa.

Nimeapa uongo, notisi yangu ni karatasi ya kufungia samaki, na Mei imepita. Wewe ulijua. Uliniahidi hutanipinga. Nataka kujua jambo moja tu: ulijua tangu lini?

Raymond


Shenandoah
14 Desemba 1998

Raymond,

Mimi ni mzima. Daktari amesema goti la kulia likatwe liwekwe la chuma, nimemwambia asubiri nimalize la kushoto.

Tangu Januari. Ulipokuwa unasubiri nijibu ile barua ya Desemba, Bi Pruitt aligonga mlango wangu. Sikuiandikia kampuni, kampuni ilikuja. Alinionyesha ile fomu. Nilimwomba niiguse, akaniruhusu, kisha akairudisha kwenye mkoba wake. Kwa hiyo ulipouliza kama nina karatasi ya baba nilikujibu ukweli. Ilikuwa kwake, haikuwa kwangu. Uliuliza swali la wakili, nikakupa jibu la wakili.

Tarehe 21 Februari asubuhi alikuja tena, akanywa chai, akaniomba nitoe maelezo yangu kwao. Nikamwambia, "Njoo Jumatatu. Leo nina mgeni, nitakujibu akishaondoka."

Wakili wa mji wetu alikuwa ameniandikia notisi ya watu wawili. Niliitia saini siku mbili kabla hujaja. Ilikuwa mezani chini ya kitambaa, sahani yako iko juu yake. Nilitaka kukupa. Ungemwambia tu Bi Olszewski, "Huyu ni dada yangu," ningeinua sahani. Hata ungesema "ndugu". Hata ungenyamaza, Raymond, nadhani hata kwa kunyamaza ningekupa.

Ukamweleza habari za vipini vya jeneza.

Nilikuahidi sitakuja kudai na sitaiandikia kampuni barua ya kukupinga. Sikudai. Sikuandika. Niliulizwa chini ya kiapo, nikajibu, na wakaniuliza kama nina barua, nikawapa.

Tarehe 11 Mei nilikaa sebuleni kuanzia saa nne asubuhi nikiangalia saa ya ukutani. Notisi yangu ilikuwa mapajani, saini moja ipo, nafasi ya pili tupu. Ningeweza kukupigia simu wakati wowote. Saa kumi na moja jioni, ofisi zilipofungwa, nikainuka nikapasha supu moto. Nilikula yote.

Aldona


Shenandoah
28 Juni 1999

Raymond,

Natumaini wewe na Gail hamjambo. Huku joto limeanza.

Najua hukumu umeshaipata kwa wakili wako, lakini labda hukusoma zaidi ya mahali ulipoambiwa umeshindwa. Mimi Bi Pruitt alinitumia nakala. Ukurasa wa tatu jaji ameandika: "Marehemu aliacha watoto wawili, Aldona na Raymond." Amenianza mimi, kwa sababu mimi ni mkubwa.

Bi Olszewski nimemsomea. Akasema, "Raymond ndiye nani?" Nikamwambia, "Mtu wa bima."

Unaweza kusema nimepoteza nusu yangu. Sikuwahi kuwa nayo. Wewe ndiye uliyekuwa na kitu.

Aldona


Stamford
19 Julai 1999

Kwa Aldona,

Natumaini u mzima. Gail amehamia kwa dada yake kwa muda. Nyumba imekuwa kubwa.

Ukurasa wa tatu nimeusoma. Nimeusoma sana. Sisi ni watoto wawili, na alichoacha baba ni chetu, nusu kwa nusu. Jaji kasema, nami sasa ni mtu wa kutii sheria. Kwa hiyo kuna mali ambayo sikuitaja kwako, na ni haki yako kupata sehemu yako.

Tulipokuwa tunasafisha nyumba ya mama nilikuta barua kumi na tisa. Baba alikuandikia kila Desemba, kuanzia 1940 hadi 1958. Nilizisoma zote, Mei 1997, miezi minne kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Kwa hiyo kwangu haukuwa uvumi. Nilikuwa najua wewe ni nani kuliko ulivyokuwa unajua mwenyewe. Zimeandikwa kwa Kilithuania na Kiingereza, kila moja ukurasa mmoja, na chini kabisa amekuchorea Bwana Kengele akifanya jambo: anaoka mkate, anafunga viatu, anacheza na mbwa.

Nilikuwa nimepanga kukuletea siku utakapotia saini. Siku ile Februari zilikuwa ndani ya gari. Ndilo gari nililokuwa nalitazama dirishani.

Sanduku linakuja kwa posta tofauti. Ili pasiwe na ubishi nani kapata zaidi, nimezikata zote katikati, kutoka juu mpaka chini, kwa mashine ya kukatia karatasi. Nimepima kwa rula. Upande wa kulia ni wako, wa kushoto ni wangu. Michoro nayo imegawanyika sawa.

Bahasha sikuzikata, chukua zote. Hazikupotea njiani kama unavyoweza kudhani, wala mama yangu hakuzificha zisitumwe. Zilifika Shenandoah zote kumi na tisa, na zote kumi na tisa zikarudi. Kila moja imeandikwa kwa kalamu mbele: "Imekataliwa. Irudishwe." Huo si mwandiko wa posta. Utaujua.

Raymond Stanton


Shenandoah
9 Agosti 1999

Raymond,

Sanduku limefika Alhamisi. Ulilifunga vizuri. Mimi ni mzima, sasa natembea na fimbo.

Mwandiko ni wa mama.

Nimezipanga kwenye meza ya chakula kwa miaka. Nimepata mkono mmoja, mguu mmoja na nusu ya kifua, mara kumi na tisa. Ulikuwa mwangalifu na rula, siwezi kukulalamikia. Nilichopata ni mwisho wa kila mstari. Ya mwaka 1944 ina mahali panaposema "kama mama yako atakubali". Ya mwaka 1949 inasema "nilisimama ng'ambo ya barabara nikakuona ukitoka shule". Haisemi nilikuwa nimevaa nini. Hiyo itakuwa kwako. Ya mwisho, 1958, upande wangu una maneno matatu tu, kwa sababu aliandika kidogo: "basi, sitakusumbua tena".

Kila barua inaanza namna moja. Mstari wa juu, kipande changu kinasema "yangu mpendwa", na kabla yake kuna mkia wa herufi uliokatwa. Nilikaa nao siku nzima kabla sijaelewa mkia huo ni wa neno gani.

Kwa hiyo "Aldona, binti" iko nyumbani kwako. Kwa mwandiko wake, mara kumi na tisa. Mama yangu hakulitaka neno hilo liingie humu ndani, na mama yako hakulitaka liingie humo ndani, na sasa liko kwako, wewe uliyeapa kwamba halipo.

Sikuombi unirudishie. Kaa nalo.

Aldona